Usitupe Vitambaa vya Sofa vya Mathe: Majuu Viraka ni Pesa, Fundi wa Gikomba Analipwa Soo Mbili

Wasee, kabla mtu hajatupa zile vitambaa za sofa mathe alishona kwa krosheti miaka ya tisini, asome hii kwanza.

Kuna brand ya New York inaitwa Bode. Ilianzishwa 2016 na mdada anaitwa Emily Adams Bode. Kazi yake iko hivi: anasaka vitambaa vya meza vya kitambo, mapazia, mashuka, na yale mablanketi ya viraka Wamarekani wanaita quilt. Anakata, anashona shati, anashona jaketi, anatia vifungo vya zamani. Krosheti pia iko ndani, ile ile ya kufunika kiti ya sofa wageni wakikuja.

Sasa bei. Jaketi ya quilt pale imekuwa ikienda zaidi ya dola 1,000. Hiyo ni kama shilingi 130,000, rent ya bedsitter mwaka mzima hapa Kanairo. Na usidhani ni kaduka ka mtaani. Baraza la wabunifu wa mavazi Marekani, CFDA, lilimpa Emily tuzo ya mbunifu chipukizi 2019, halafu tuzo ya nguo za wanaume 2021, na akarudi kuibeba tena 2022. Mwimbaji Lorde naye alitokea Met Gala ya 2021 akiwa ndani ya Bode.

Nikisoma hizo vitu, kichwa inaenda moja kwa moja Gikomba.

Pale kuna mafundi wamekalia cherehani tangu alfajiri. Unampelekea jeans mbili zimeisha magoti, anakutolea moja safi. Koti ya mzungu mnene anaipunguza hadi ikukae kama ilikuwa yako tangu siku ya kwanza. Shati imekufa kola, anaigeuza. Alafu wewe mteja unamwambia, "Boss, si hii ni mtush tu? Nikupee soo mbili."

Mikono ni ile ile, na cherehani haijui iko nchi gani. Kwa hivyo hiyo 130,000 inatoka wapi?

Ya kwanza ni uchache. Kitambaa cha miaka mia moja iliyopita hakishonwi tena, kwa hivyo jaketi ikitoka ni moja tu duniani. Ya pili ni hadithi. Mnunuzi anaambiwa kitambaa kilikuwa cha nini na kilitoka wapi, na hiyo hadithi ndiyo analipia. Ya tatu ni jina. Fundi wetu hana lebo. Nguo ikitoka kwa mkono wake haionyeshi popote kwamba ni yeye ameishona, kwa hivyo hata ikipendwa Instagram, sifa zinaenda kwa aliyeivaa.

Angalia hata vifungo. Kuna mji Marekani, Muscatine kule Iowa, ulikuwa unatoboa vifungo kutoka kwa makombe ya mtoni. Mwaka wa 1905 ulitoa karibu bilioni 1.5. Baadaye plastiki ikaja na hiyo biashara ikazama. Leo kifungo cha kombe kinatafutwa na wabunifu kama dhahabu. Hapa kwetu kila nyumba iko na mkebe wa Kimbo umejaa vifungo vilivyokatwa kwa nguo za zamani, na hakuna mtu amewahi kuchambua. Njia rahisi ya kujua: weka kifungo kwa mdomo. Cha kombe ni baridi na kina uzito kiasi. Cha plastiki ni chepesi na hakina baridi.

Mtu anaweza sema hayo ni mambo ya wazungu. Zi. Jirani ameshafanya. Bobby Kolade alikulia Kampala, akaenda kusomea fashoni Ujerumani, akafanya kazi na nyumba kubwa za fashoni Paris, kisha akarudi Uganda. Brand yake, Buzigahill, inachukua mitumba ya soko la Owino, inafumua, inashona upya, alafu inawauzia watu wa zile nchi zilizotupa hizo nguo. Mradi wenyewe, uliozinduliwa 2022, unaitwa Return to Sender, yaani rudisha kwa mwenyewe. Huo ni ujeuri wa kibiashara naupenda sana.

Na hapa ndipo siasa inaingia. Kila viongozi wakiongea mitumba, swali ni moja: tupige marufuku ama tuache? Mwaka wa 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikubaliana kuipunguza hadi iishe. Marekani ikatisha na AGOA, Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ikakaza, ikapandisha ushuru, na 2018 nguo zake zikafungiwa kuingia Marekani bila ushuru. Machi 2020, corona ikiingia, Kenya ikazuia mitumba, miezi kadhaa baadaye ikafungua tena. 2023 Museveni naye akasema anapiga marufuku.

Kwa hizo kelele zote, fundi anatajwa saa ngapi? Wa kufungua bale anatajwa. Mwenye kiwanda anatajwa. Anayeweza kugeuza fagia ya soo iwe jaketi ya thao tano hana kiti kwa hiyo meza. Tunabishania mzigo ukiwa bandarini, na pesa kubwa iko kwa kile mzigo unageuka kuwa.

Lakini tusijidanganye, kuna mawe njiani. Kitambaa cha zamani kinaisha. Hata Bode siku hizi inatengeneza pia nakala za vitambaa vya kale, kwa sababu ukishakata quilt ya shosho wa mtu hairudi. Na bale za sasa zina polyester kibao, nguo za kuvaliwa mara mbili na kutupwa. Kamera inazidi kuwa adimu, fagia ndiyo inajaa. Moto nao Gikomba hautangazi ukija, na fundi hana bima.

Ndiyo maana naona cha kuanza nacho ni lebo. Kama wewe ni fundi, shonea jina lako ndani ya kola, weka namba, andika kitambaa kilikuwa nini: "pazia la Machakos", "leso ya Lamu". Piga picha kabla ujakata na baada ya kushona. Kama wewe ni mteja, uliza jina la aliyeshona na umtag, na hiyo soo mbili iongeze.

Na kama uko ocha hii wikendi, ongea na shosho kuhusu zile vitambaa. Mwambie akupe stori yake: alishona lini, nani alimfunza, hiyo rangi alichagua kwa nini. Andika. Siku mtu atataka kununua, bei itaanzia hapo.