Heda Si Kitambulisho

Wasee, leo siongei kuhusu kamera wala mapenzi. Leo naongea kuhusu pesa za mathe yangu, na venye mtu yeyote mwenye laptopu na dakika tano angeweza kuziangalia bila PIN na bila kuuliza.

Mwaka jana nilipata kakazi. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo kazi zangu huja kwa njia ya mtu anayejua mtu. Hii ilikuwa ya kuunganisha apu ya simu na mfumo wa kampuni moja inayoshika akiba za wanachama. Jina sitaji, na msiniulize inbox. Nikapewa maelezo ya kurasa tatu. Ukurasa wa pili ulisema: ukitaka salio la mwanachama, tuma ombi likiwa na heda inayoitwa X-Member-Id, ndani yake uweke namba ya uanachama.

Nikasoma mara mbili. Nikatafuta mahali pa tokeni ya kuthibitisha ni nani anauliza. Hakuna. Ikawa namba tu.

Mathe ni mwanachama huko huko. Alikuwa jikoni anakatakata sukuma.

"Mathe, nipe namba yako ya uanachama nijaribu kitu."

"Ujaribu nini? Hizo pesa ni za karo ya dadako."

"Sizigusi. Naangalia tu kama mlango umefungwa."

Akanipa. Nikaiweka kwa heda, nikatuma. Salio likaja. Chini ya salio kukaja mkopo ambao hakuwahi kutuambia. Nikafunga laptopu. Nilikuwa na ruhusa yake na bado nilijiskia mwizi.

Kesho yake nikamwambia msimamizi wa mradi. Akacheka. "Kijana, hiyo heda ni ya ndani. Nani ataijua?"

Hiyo sentensi ndiyo nimekuja kupigana nayo leo. Nimeiskia kwa watu wenye digrii na kwa watu kama mimi wasio nayo, na kila mara ni uongo.

Tuanze polepole kwa wale hawaandiki programu. Kila ombi ambalo simu yako inatuma kwa seva lina sehemu mbili kubwa. Kuna mwili, yaani barua yenyewe: "lipa 500 kwa fulani." Halafu kuna heda, maandishi ya juu ya bahasha: barua inatoka wapi, ni ya lugha gani, nani ameituma. Heda nyingine ni za kawaida na dunia nzima inazijua, kama Authorization, ile inayobeba tokeni (si ya stima) ya kuthibitisha kuwa una ruhusa. Ukiwahi kugusa Daraja ya M-Pesa umeiona. Halafu kuna heda ambazo kampuni imejitungia yenyewe: namba ya mteja, tawi, namba ya kufuatilia ombi. Kujitungia si kosa. Mifumo mikubwa haiwezi kuishi bila hizo.

Kosa linaanza pale tunasahau nani ameshika kalamu. Maandishi ya juu ya bahasha huandikwa na mtumaji. Mimi naweza kuandika juu ya bahasha "Kutoka Ikulu" na hakuna kalamu itakayokataa. Heda ni hivyo hivyo. Ni madai. Mtu anasema yeye ni mwanachama namba fulani, na seva yako inamjibu, "Karibu, salio lako ni hili."

Na hiyo habari ya "nani ataijua" ife leo. Apu ya Android inafunguliwa na kusomwa na mtu yeyote mwenye subira. Kwa brauza ni rahisi zaidi: bonyeza F12, fungua sehemu ya mtandao, heda zote zimepangwa hapo kama nyanya sokoni. Hata ile X ya mbele haimaanishi "ya ndani" wala "ya siri". Ilikuwa desturi tu ya kutaja vitu ambavyo si vya kiwango rasmi, na tangu 2012, kwenye hati ya RFC 6648, wenye viwango vya intaneti walishauri watu waache kuanzisha majina mapya ya X. Kampuni bado zinaiweka na kuilalia kama kufuli.

Mnadhani hili ni tatizo la kampuni ndogo za mtaani? Machi 2025 ilitangazwa shimo kwenye Next.js, mfumo wa kujengea tovuti unaotumiwa na kampuni kubwa dunia nzima. Limeandikishwa kama CVE-2025-29927 na likapewa alama 9.1 kwa 10 ya hatari. Next.js ilikuwa na heda yake ya ndani, x-middleware-subrequest, ya kuzuia ombi lisizunguke milele kwenye programu ya katikati, ile ambayo watu wengi huitumia kukagua kama umeingia kwa akaunti yako. Shida ni kwamba mtu wa nje alipoituma heda hiyo hiyo ikiwa na thamani inayofaa, ukaguzi wote ulirukwa. Soja wa geti aliona karatasi imeandikwa "nishakaguliwa" akafungua. Wale ambao hawangeweza kusasisha haraka waliambiwa wazuie kila ombi la kutoka nje lenye heda hiyo. Yaani dawa ilikuwa kufanya kitu ambacho geti lingefaa kufanya tangu siku ya kwanza.

Sasa kuna upande wa pili wa ugonjwa huu, na unauma mfuko vile vile. Huko mwanzo seva iliamini heda kupita kiasi. Huku inaipuuza na hakuna mtu anaambiwa.

Chukua malipo. Mtandao unakatika katikati, apu haijui kama pesa zimeenda, inatuma ombi tena. Ili usikatwe mara mbili, huduma nyingi za malipo, Stripe ikiwemo, hutumia heda ya Idempotency-Key: ufunguo mmoja kwa malipo moja, kwa hivyo ombi likirudi na ufunguo ule ule seva inajua hii ishalipwa. Safi. Lakini ukiituma kwa seva isiyoijua, HTTP haina kelele. Kawaida yake ni kwamba heda usiyoijua unaipita tu. Seva inasoma mwili, inaona "lipa karo", inalipa. Ombi la pili linakuja, inalipa tena. Wewe ulidhani umevaa kofia, kumbe hakuna aliyeiona.

Mimi mwenyewe nilipoteza siku mbili kwa kitu cha kijinga zaidi. Nilituma heda yenye mstari wa chini kwenye jina, kama member_branch. Kwa mashine yangu ilifanya kazi. Ikifika kwa seva ya kweli, haipo. Kumbe nginx, inayosimama mbele ya tovuti nyingi sana, kwa mipangilio yake ya kawaida hutupa heda za aina hiyo na mtumaji haambiwi kitu. Ningetumia kistari cha kawaida ningelala mapema.

Hapa ndipo nitawakasirisha watu wa rika langu. Tunaicheka SOAP. Ukiingia mifumo ya zamani ya benki unakutana nayo, XML ndefu kama orodha ya mahitaji ya kidato cha kwanza, na kila mtu kwa mbogi anasema hiyo ni teknolojia ya wazee. Sawa, ni nzito, sitetei uzito. Lakini wazee walifikiria swali ambalo sisi tumeliruka. Tangu SOAP 1.1 ya mwaka 2000, ujumbe una bahasha, ndani yake kuna heda na mwili, na kila heda unaweza kuiwekea alama inayoitwa mustUnderstand. Maana yake: wewe seva unayelengwa na heda hii, kama huielewi, usiguse ujumbe huu. Rudisha kosa. Usibahatishe.

Halafu 2004 ikaja WS-Security kama kiwango rasmi cha OASIS, ikaweka njia ya kubeba saini ya kidijitali ndani ya heda, ili anayepokea aweze kukagua nani aliandika na kama kuna mtu amebadilisha njiani. Kwa hivyo maswali mawili yalikuwa mezani kitambo: umeielewa heda hii, na unajuaje ni ya kweli? Sisi tulitupa XML, tukatupa na maswali.

Sisemi turudi SOAP. Nasema turudishe maswali. Kama unajenga mfumo wowote unaoshika pesa, matokeo ya hospitali au alama za mtihani, haya ndiyo nadai kutoka kwako.

Getini, kabla ya kitu kingine, futa kila heda ya kutoka nje yenye jina ambalo mfumo wako wa ndani unalitumia. Geti likishakagua tokeni, ndipo liandike heda lenyewe. Na hakikisha hakuna mlango wa nyuma wa kufikia seva za ndani bila kupita geti, juu hapo kazi yote imeenda bure.

Utambulisho utoke kwa tokeni iliyosainiwa, usitoke kwa namba niliyoandika mimi. Na hata tokeni ikiwa sawa, uliza tena: huyu mwenye tokeni ndiye mwenye akaunti hii?

Heda ya lazima ikikosekana au ikiwa imeharibika, kataa ombi kwa sauti. Rudisha 400 na useme ni ipi. Usijaze pengo kwa kukisia.

Andika heda zako zote kwenye maelezo: jina, nani anaiweka, nani anaisoma, ikikosekana kunatokea nini. Halafu zijaribu kwa njia nzima, kutoka simu hadi seva ya mwisho.

Najua jibu mtakalonipa: "Hatuna muda, mteja anataka apu Ijumaa." Sawa, lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haijali Ijumaa yako. Data ya watu ikifikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari halisi ya kuwaumiza, una saa 72 tangu ujue kumjulisha Kamishna wa Data. Kufuta heda getini ni mistari michache ya mipangilio. Hesabu mwenyewe kipi kinakula muda.

Na wewe unayesoma hii mkono ukiwasha kujaribu namba za watu, tulia. Kuingia mfumo bila ruhusa ni kosa la jinai chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018. Mimi nilitumia namba moja, ya mathe, aliyonipa mwenyewe, na nikaacha hapo. Ukiona shimo, andika barua pepe, weka tarehe, hifadhi nakala.

Niliandika yangu. Jibu lilikuja baada ya siku 11: kazi yako imekamilika, asante kwa mchango wako. Kuhusu heda, hakuna neno hata moja.

Mathe nilimwambia ukweli wote kuhusu huo mlango. Akahamisha akiba yake wiki hiyo. Kuhusu ule mkopo hatujawahi kuongea, ingawa nadhani anajua kuwa najua. Hiyo siri ilikuwa yake. Alipaswa kutuambia siku anayotaka, mezani, kwa mdomo wake, na mtu mmoja ofisini aliamua haina haja ya kufuli kwa sababu "nani ataijua".

Mtumie hii yule rafiki yako anayejenga apu ya sacco. Akisema heda yake ni ya ndani, mwambie aibonyeze F12 kwanza.