Kusema Hakuhitaji Leseni

Makala iliyotetea leseni za maudhui ya mtandaoni inadai kwamba mwenye nia njema hana sababu ya kuogopa usajili. Hoja hiyo inapindua mambo. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu uhuru wa kueleza fikra zake; kanuni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe kwanza: shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya leseni, kisha milioni 1 kila mwaka. Aliyekaidi alikabiliwa na faini isiyopungua milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Juni mwaka huo jukwaa la mijadala la mtandaoni, JamiiForums, likasimamisha huduma. Tapeli hakuguswa, maana tapeli hajisajili. Aliyenyamazishwa ni kijana asiye na mtaji anayeandika habari za kata yake.

Je, uzushi uachwe? Hasha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilikuwepo tangu 2015, nayo, pamoja na ukali wake unaostahili mjadala wa peke yake, humfuata mtu akishatenda, na mahakama humsikiliza. Leseni humshuku kila mtu kabla hajaandika neno. Mtetezi anakumbusha kwamba hata redio husajiliwa. Lakini masafa ya redio ni machache, hayatoshi wote. Blogu yangu haimnyang'anyi jirani nafasi. Kanuni ziliandikwa upya 2020, leseni ikabaki. Ifutwe kwa kila raia anayetoa maoni yake, na anayemchafua mwenzake ashtakiwe.