Peasi Lisilo na Jina

Basi lililopanda kutoka Mombo linaposimama Soni, madirisha hujaa vikapu vya plamsi, mapichi na mapeasi. Uliza peasi hilo ni la aina gani, utajibiwa: "La kienyeji." La kienyeji! Mpeasi ni mgeni wa milima hii ya Usambara kama lilivyokuwa jina la Wilhelmstal, ambalo Wajerumani waliipa Lushoto. Jina la Wilhelmstal limebaki vitabuni; la peasi hata huko halimo.

Toleo hili linahusu alama za vinasaba, na ninajua watafiti wetu wanataka kuzungumzia aina mpya. Mimi nasema tuanze na majina.

Kwa kipimo cha alama hizo, jani moja linatosha. Maabara hutazama sehemu za vinasaba zinazotofautiana kati ya mti na mti. Miti iliyobebeshwa vikonyo vya mama mmoja huonyesha alama zilezile, hata ikipandwa nchi mbalimbali. Parachichi la Hass lote limetoka kwenye mche mmoja wa California uliopewa hataza mwaka 1935. Kwa hiyo anayekuuzia "Hass" iliyooteshwa kwa kokwa angeweza kuumbuliwa mche ukiwa bado kwenye kiriba, badala ya wewe kungoja miaka, umwagilie, upalilie, kisha uvune usichokitaka.

Ng'ambo ya bonde la Luengera, upande wa Amani, kuna msambu, ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta. Dume na jike ni miti mbalimbali, na mche wa mbegu hauonyeshi jinsia yake mpaka uchanue, pengine baada ya miaka kumi. Kubebesha kikonyo cha jike hupunguza bahati nasibu hiyo, lakini alama ya jinsia ingemsaidia anayeotesha mbegu.

Nyanda za Juu Kusini, maparachichi ya kokwa yamekwisha kupimwa kwa alama hizi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Matunda ya Lushoto nayo yanastahili kazi kama hiyo. Ila alama haionji. Bila miti ya kulinganishia, na bila bibi anayejua lipi huiva mapema na lipi huoza kikapuni, maabara itatupa namba tu.

Msomaji wa Usambara, kama una mpeasi au mplamsi wa zamani, usiukate kuni kwanza. Tuandikie uko kijiji gani, nani aliupanda, na nyumbani mnauitaje.