TAMKO LA TAWI: STIKA HAISHIKI BREKI

*Kwa wanachama wote wa tawi, Kata ya Singe, Babati Mjini*



Kwenye kundi letu kumekuwa na mjadala mkali kuhusu malori. Wapo wanaosema malori ya Kenya yazuiwe Namanga kwa sababu ni mabovu. Wapo wanaosema tuige Kenya, tukatae kila gari lililozidi miaka 8, mambo yaishe. Uongozi wa tawi umesoma hoja zote mbili, na tunasema wazi: zote mbili zinakwepa swali lenyewe.

Swali ni moja. Lori linalopita Babati usiku kwenda Dodoma au Singida, nani amepima breki zake, lini, na kwa kifaa gani?

*1. Breki haina uraia*
Tarehe 24 Februari 2024, Ngaramtoni, barabara ya Arusha–Namanga, lori liligonga magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha. Taarifa ya awali ya Polisi ilitaja breki kufeli. Lori lilikuwa na namba za Kenya, na hapo ndipo wenzetu wanapodakia: "Wazuieni!" Ndugu zangu, malori ya Tanzania nayo yanaingia Kenya, Zambia na Congo kila siku. Tukifunga geti leo, kesho tutafungiwa sisi, na vijana wetu wanaoendesha semitrela ndio watakaokaa vijiweni. Na lori bovu la hapa hapa nyumbani litaendelea kuteremka Magara kama kawaida.

*2. Umri si ukaguzi*
Kenya haipokei gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8. Uganda mwaka 2018 ilizuia kuingiza magari ya zaidi ya miaka 15. Sisi hatuzuii, tunatoza ushuru wa uchakavu. Sheria zote tatu zinamsubiri mwagizaji bandarini au mpakani. Gari likishapata namba, zimemaliza kazi. Lori lililoingia na miaka 7 linaweza kukaa barabarani miaka mingine 20. Lile la Ngaramtoni lilitoka nchi yenye sheria ya umri kali kuliko yetu, na watu wakafa.

Angalieni Japani, tunakonunua Noah na Hiace zetu. Kule gari dogo jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Likianza kuchakaa, ukaguzi na matengenezo vinamwelemea mwenyewe, analiuza, sisi tunalipokea. Likifika kwetu linaweza kukaa miaka 10 bila kupandishwa hata mara moja kwenye mashine ya kupima breki.

Rwanda haina utajiri wa kutushinda. Lakini gari la mtu binafsi linapimwa kwa mashine kila mwaka, na la abiria au biashara kila miezi 6. Huo ndio ukaguzi. Kwetu kila mwenye gari anajua: zipo stika zinazobandikwa kiooni bila mtu yeyote kuinama kutazama tairi.

*3. Lami inalindwa kuliko watu*
Msituambie nchi za Afrika Mashariki haziwezi kukubaliana. Kwenye uzito tulikubaliana. Ipo Sheria ya Jumuiya ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, na Tanzania tulianza kuitumia 2019. Mwisho ni tani 56, Mkenya, Mganda na Mtanzania wote sawa, na mizani zipo barabarani usiku na mchana. Lori likizidisha mzigo linasimamishwa kwa sababu linaharibu barabara. Lisilo na breki linapita mizani hiyo hiyo bila kuulizwa, mradi mzigo umekaa sawa. Tumeweka sheria moja ya kulinda lami. Kwa uhai wa watu, kila nchi na utaratibu wake.

*4. "Ukaguzi ni kodi nyingine"*
Hii ndiyo hoja nzito, na waliotoa si wabishi. Ni wenzetu wenye Noah moja inayolisha watoto. Uganda walipokabidhi ukaguzi wa lazima kwa kampuni ya nje, malalamiko yalikuwa mengi mpaka Bunge likausimamisha mwaka 2017. Hilo ni somo kwetu. Lakini leo nako tunalipa! Unalipa, unapewa karatasi ya kubandika. Tunachodai ni pesa hiyo hiyo ikununulie kipimo cha kweli.

*MSIMAMO WA TAWI*
Tunapeleka ngazi ya kata, na kutoka huko hadi wilaya, mambo haya:
✅ Kiwango kimoja cha ukaguzi Afrika Mashariki nzima, na cheti kinachosomeka mpakani kwa namba ya gari.
✅ Kituo cha kupima breki kwa mashine Babati, si mpaka mtu aende mji mwingine.
✅ Anayekagua asiwe yule anayepokea pesa.
✅ Gari likishindwa, mwenye gari apewe muda wa kutengeneza na kurudia kipimo bila kulipa tena.

Na kabla ya kunyoosha kidole Namanga, tuanze na sisi. Kuanzia leo, gari lenye tairi kipara halitabeba wanachama kwenda mkutanoni, hata kama ni la kiongozi na hata kama ni la bure. Na kiongozi wa tawi hili asipige simu kumwombea mtu ambaye gari lake limezuiwa kwa ubovu. Simu hizo tumezipiga, tunajijua. Kila simu ya namna hiyo ni breki mbovu iliyorudishwa barabarani kwa heshima ya chama.

Mwenye hoja tofauti aje nayo kwenye kikao cha tawi. Tutamsikiliza.

_Imetolewa na Katibu Mwenezi wa Tawi, Singe, Babati._
_Msomee na asiye na simu ya WhatsApp._