Kazi Isiyo na Mpaka

Msomaji, wako watu wasemao kuwa kuiwekea kazi mpaka ni woga. Kwamba mwenye moyo mkuu huanza tu, na kazi yenyewe itamwonyesha njia. Neno hili ni tamu masikioni, lakini lina madhara. Kazi isiyowekewa mpaka ni shamba lisilo ua: kila mpita njia huingiza mbuzi wake.

Itazame Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilikusudia kulima karanga katika ekari zaidi ya 3,000,000, nyingi zake zikiwa Tanganyika, ili ipate mafuta ya kula. Huko Kongwa mvua zilikuwa haba, na ardhi haikuwa imejaribiwa vya kutosha. Jua lilipowaka udongo uligeuka mgumu kama tofali, na visiki viliharibu mitambo. Juu ya jembe iliongezwa bandari ya Mtwara na njia ya reli. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimepotea. Lau wangalianza na ekari elfu chache, hasara ingalikuwa ndogo na maarifa yangalikuwa makubwa. Mtaka yote hukosa yote.

Lakini usidhani kuwa mpaka hukataza nyongeza tu. Hukataza na upungufu. Hapa Kinanie, katika Machakos, zilitengwa ekari 500 kwa viwanda vya ngozi. Kulainisha ngozi hutumia maji mengi, chumvi na dawa kali, na maji hayo yakishachafuka hayana budi kwenda mahali. Basi mtambo wa kuyasafisha si pambo la kiwanda; umo ndani ya mpaka wa kazi. Atakayeuondoa ili apunguze gharama asiseme amejenga kwa bei nafuu. Amejenga nusu, na nusu ya pili ameitupa mtoni ili walipe wanywao maji.

Utaniambia kuwa hali hubadilika, na mpango hauwezi kuwa jiwe. Ni kweli. Nami sikatazi mabadiliko. Nakataza mabadiliko yasiyo na mlipaji. Atakaye chumba cha tano katika jengo la vyumba vinne na alete mawe, fedha na siku za chumba hicho, au aseme ni kipi katika vile vinne kitakachoachwa. Neno "kidogo tu" limeangusha majengo mengi kuliko tetemeko la ardhi.

Wazee wa Ukambani waliokusanyika katika mwethya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko hawakuhitaji kufundishwa jambo hili. Mtu alijua ni shamba la nani linalochimbwa leo kabla hajainua jembe.

Nawe kijana, iwe umepewa kuongoza chama cha shule, kuchimba kisima au kujenga daraja, andika mambo matatu kabla ya kuanza: kazi hii ni nini, kazi hii si nini, na nyongeza ikija, nani atailipa. Wenye pupa watakucheka. Waache wacheke, wewe umalize. Nchi yetu haina upungufu wa mawe ya msingi. Ina upungufu wa mapaa.