Je, Elimu ya Sikio si Elimu?

Tangu tuliporudi kutoka Ireland hatujapata raha na baadhi ya walimu wenzetu. Mmoja wao, mtu tunayemheshimu kwa kazi yake, alituuliza mkutanoni mbele ya watu wengi: "Ndugu, ni kweli kwamba mwalimu mzima, mwenye cheti, alivuka bahari akaketi darasani pamoja na watoto wadogo ili ajifunze kupuliza filimbi ya bati? Na tena, ati, bila kitabu?" Watu wakacheka. Sisi nasi tukacheka, maana habari yenyewe yachekesha. Lakini aliposema neno la pili kicheko chetu kilikoma. Alisema ya kuwa muziki usioandikwa si elimu bali ni mazoea, na ya kuwa mtu aliyejifunza kwa sikio hakujifunza kitu, ila ameiga kama kasuku.

Neno hilo tunalikataa, na leo tunaomba nafasi katika gazeti hili tulijibu.

Yafaa kwanza wasomaji wajue tulikokwenda. Katika jimbo la Clare, upande wa magharibi wa Ireland, karibu na bahari ya Atlantiki, kuna mji mdogo uitwao Miltown Malbay. Kila mwaka, kuanzia Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Julai, mji huu hujaa watu waliokuja kujifunza muziki wa asili wa nchi ile: fidla, filimbi, vinanda vya kukunjua, vinubi, nyimbo ziimbwazo bila ala yo yote, na michezo ya miguu. Asubuhi ni madarasa, alasiri ni mazungumzo ya wajuzi, na usiku watu hupiga pamoja mpaka wachoke. Nao usiku wa Julai huko huchelewa kuja, maana jua huzama karibu na saa nne. Tulialikwa na padre mmoja, mzaliwa wa upande ule, aliyepata kutufundisha zamani, na nauli tulisaidiwa. Haya twayasema asije mtu akadhani kwamba tuliuza ng'ombe.

Shule hiyo huitwa kwa jina la Willie Clancy. Huyu alikuwa seremala, mwenyeji wa pale pale, aliyezaliwa mwaka 1918, naye alikuwa fundi mkuu wa zumari ya mfuko. Zumari ya watu wale haipulizwi kwa kinywa. Mpigaji huketi kitako, akabana mvukuto chini ya kiwiko kimoja, mfano wa mvukuto wa mhunzi lakini mdogo, na chini ya kiwiko cha pili akabana mfuko wa hewa; hata jina lake katika lugha ya kwao latokana na neno la kiwiko. Clancy alikufa Januari 1973, umri wake miaka 54, na katika kiangazi cha mwaka ule ule rafiki zake wakaianzisha shule hii, ili ujuzi wake usizikwe pamoja naye.

Sasa na tuulize, Clancy aliupata wapi ujuzi wake? Palikuwa na mpigaji wa zumari katika jimbo lile, jina lake Garret Barry, aliyezaliwa mwaka 1847, katikati ya ile njaa kuu iliyoua watu wapata milioni moja katika Ireland. Barry alikuwa kipofu tangu utoto. Alitembea nyumba kwa nyumba na zumari yake, na watu walimpokea. Noti za karatasi hakusoma hata moja, kwa kuwa hakuweza kuziona. Alikufa mwaka 1899. Lakini Gilbert Clancy, babaye Willie, alikuwa amemsikiliza kipofu yule na kuzishika nyimbo zake, kisha akampa mwanawe, na mwanawe akazipiga maisha yake yote. Leo watoto waliozaliwa zaidi ya miaka mia baada ya kifo cha Barry wanazijua. Tunamwuliza mwenzetu: yule kipofu alikuwa kasuku? Na ni kasuku gani mwenye kumfundisha kasuku mwenziwe, naye akamfundisha wa tatu, na kila mmoja akaongeza uzuri wake mwenyewe juu ya alioupokea?

Turudi darasani, maana ndiko tulikoaibishwa. Tulitiwa pamoja na wanaoanza. Filimbi ya bati ni mrija mwembamba wenye matundu sita tu, na bei yake ni ndogo. Kuumeni kwetu aliketi msichana wa miaka tisa hivi, kushotoni mzee aliyetoka Ujerumani, amekwisha acha kazi. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya upole. Alipiga kipande kidogo cha wimbo, kifupi kama pumzi moja, akanyamaza. Darasa zima likakirudia. Akakipiga tena, tukarudia tena, mpaka hapana aliyekosea. Ndipo akaongeza kipande cha pili, akaviunga viwili pamoja. Nyimbo zao nyingi zina sehemu mbili, na kila sehemu hupigwa mara mbili, hata asubuhi moja yatosha kujenga wimbo mzima kama mtu ajengavyo ukuta, tofali juu ya tofali.

Sisi tulitoa daftari. Tumelelewa katika do-re-mi. Kwaya zetu zote tumezifundisha hivyo, ubaoni, kwa fimbo mkononi. Mama yule alituona akasema, bila ukali, "Bwana mwalimu, penseli na ipumzike mpaka kesho." Tuliona aibu kidogo na hasira kidogo. Tukaitii amri yake mchana, na usiku chumbani tukaivunja: tukauandika wimbo wote kwa do-re-mi, safi kabisa, pasipo kosa la sauti hata moja.

Asubuhi tukaupiga kwa kutazama karatasi. Ulikuwa kama barua isomwayo na mtu asiyeijua lugha yake. Kila sauti ilikuwa mahali pake, lakini hakuna mguu wa mtu ungaliweza kucheza. Kisha yule msichana akaupiga bila karatasi, na mzee wa Kijerumani akaanza kugonga sakafu kwa kiatu.

Tulitafuta sababu siku nzima, nasi tukaipata. Wimbo ule ulikuwa wa namna iitwayo jigi, ambao mapigo yake huenda matatu matatu. Karatasi yasema kwamba yale matatu ni sawasawa. Mpigaji hafanyi hivyo: la kwanza hulivuta kidogo, la pili hulifupisha, la tatu huliangukia la mbele yake. Ni kidogo kiasi gani? Hapa ndipo kalamu inaposhindwa. Kiasi hicho si kimoja kwa watu wote. Wapigaji wa Clare wana mwendo wao, na wapigaji wa fidla wa Donegal, kule kaskazini, wana mkono mwingine kabisa, hata aliyezoea huwatambua kabla wimbo haujafika nusu. Tena mama yule alipoupiga wimbo mara ya pili hakuupiga kama mara ya kwanza. Alibadili hapa, akapamba pale kwa kudonoa kidole. Tukamwuliza, "Mama, ipi iliyo sahihi?" Akajibu, "Zote mbili." Ubaoni kwetu tungalimtia alama ya kosa.

Je, twasema vitabu vichomwe? Hasha! Sisi ni walimu, na kitabu ndicho mkate wetu. Tunajua ya kuwa Francis O'Neill, mzaliwa wa jimbo la Cork aliyekuwa mkuu wa polisi wa mji wa Chicago tangu mwaka 1901 hata 1905, alikusanya nyimbo 1,850 za nchi yake akazipiga chapa mwaka 1903, na wapigaji wengi hata leo wanamshukuru. Lakini mwenzetu anayependa kutaja vitabu ajue na jambo hili: O'Neill mwenyewe alikuwa mtu wa sikio. Nyimbo alizokuwa nazo kichwani, nyingi alizozisikia utotoni, alimpigia askari mwenziwe, James O'Neill, na huyo ndiye aliyeziandika. Kwa hiyo hata kitabu kile kikuu kilitoka sikioni. Kitabu ni ghala. Nafaka hutunzwa ghalani, lakini hailimwi humo.

Liko jambo lingine zito zaidi, na ndilo lililotufanya tushike kalamu. Muziki huu ulikaribia kufa, nao haukuuawa na wajinga. Zamani watu wa Clare walicheza majikoni mwa nyumba zao. Mpigaji alikaa karibu na moto, majirani wakaja, watoto wakaketi pembeni wakisikiliza. Hapo ndipo kila mpigaji alipopata elimu yake. Mwaka 1925 maaskofu wa nchi ile walitoa waraka wa kuyaonya makanisa juu ya hatari za kucheza. Mwaka 1935 serikali ikatunga sheria kwamba pasiwe na mchezo wa hadhara pasipo ruhusa ya hakimu. Sheria haikuzitaja jikoni waziwazi, lakini mapadre wengi na polisi waliitumia hata juu ya nyumba za watu, na nyumba zikanyamaza. Junior Crehan, mpigaji fidla wa upande ule ule aliyeishi tangu 1908 hata 1998, aliililia sheria ile mpaka uzee wake. Kwake yeye zile jikoni zilikuwa shule, na serikali ilikuwa imezifunga shule.

Twalisema jambo hili kwa uchungu, maana sisi tumelelewa na misheni, wala hatupendi kuwasengenya wachungaji. Nia yao ilikuwa njema: waliwahofia vijana, pombe, na njia za usiku. Lakini waliona mchezo, hawakuona mafundisho. Hawakujua kwamba mtoto aliyeketi pembeni alikuwa mwanafunzi, kwa sababu hakuwa na kibao wala kitabu. Mwalimu asemaye leo kwamba elimu ya sikio si elimu anatazama kwa jicho lile lile. (Labda mtu atauliza, na ngoma zetu je? Hayo ni maneno marefu, nasi tutayaandika siku nyingine kama mhariri akipenda.) Kweli, hata sasa wale wa Miltown Malbay hupiga sana katika vilabu vya pombe. Sisi tulikunywa chai, wala hakuna aliyetushurutisha kunywa kitu kingine.

Lakini tusiwapige walimu wenzetu peke yao. Liko kosa la siku hizi, nalo tuliliona pale pale. Kijana mmoja wa darasa letu aliiweka simu yake juu ya meza kila asubuhi, ikanasa kila kitu. Mwalimu alipopiga, yeye hakusikiliza sana, maana simu ilikuwa ikimsikilizia. Siku ya tano alikuwa na nyimbo nyingi mfukoni, na vidoleni hana hata moja. Alikuwa mtu mwema, alituazima mwavuli wake, na mvua ya Clare haina mzaha. Hata hivyo hatuoni tofauti kubwa kati ya simu yake na daftari letu. Wote wawili tulitaka kuupata wimbo pasipo kukaa nao. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tulitaka kukichukua kwa kijiti.

Mwenzetu alisema tena ya kuwa juma moja haliwezi kumfanya mtu mpigaji. Hapa amesema kweli. Tulifundishwa nyimbo sita. Zilizobaki kwetu ni tatu, na ya tatu huchechemea. Hakuna mtu pale aliyetuahidi zaidi. Tuliyoyapata ni namna ya kusikiliza, na hayo hatukuwa nayo, ingawa tumefundisha kuimba kwa miaka kumi na miwili.

Asubuhi ya mwisho mama yule alimtaka kila mtu apige peke yake. Zamu yetu ilipofika, sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Katika ya pili tukapotea, vidole vikasimama juu ya matundu, tukaona daftari likituchungulia kutoka mfukoni. Yule msichana hakungoja. Aliinua filimbi yake akaingia palepale tulipoangukia, tukamfuata, tukamaliza pamoja, wala hakutazama upande wetu, kana kwamba ndivyo ilivyopangwa.

Mwenzetu aliyetucheka tunamkaribisha kwetu Jumamosi jioni, saa kumi na mbili, barazani. Penseli aiache nyumbani. Filimbi tunazo mbili.