Swali Litangulie Kifaa

Husemwa mara nyingi na walimu wanaojiandaa kwenda shule za msingi kwamba teknolojia haifundishiki vijijini, kwa kuwa shule hazina kompyuta. Kwa maoni yangu, hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Vifaa vyahitajika, na mtoto wa Chome ana haki navyo sawa na mtoto wa Dar es Salaam. Lakini kifaa hakizai udadisi. Udadisi ndio ukipao kifaa kazi.

Tutazame ndiva za milima ya Upare, ambazo Wapare walizijenga tangu kabla ya ukoloni. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe, ambamo maji ya mfereji hukusanywa usiku kucha. Asubuhi mlango wake hufunguliwa, na maji huteremka mashambani kwa zamu. Hiyo ni teknolojia kamili.

Mwalimu na aulize: kwa nini maji hayaachwi yatiririke tu mchana na usiku? Asiharakie kujibu. Wanafunzi wakisie kwanza, kisha wamwage kikombe cha maji kidogo kidogo juu ya mchanga mkavu ulioinamishwa, na kingine kwa mkupuo. Wataona wenyewe kwamba maji machache hunywewa na ardhi kabla ya kufika mbali, bali yaliyokusanywa husonga mbele. Baadaye, kwa idhini ya wazee na ndiva ikiwa tupu, waipime. Ndiva yenye urefu wa mita 20, upana wa mita 10 na kina cha mita 1.5 hubeba mita za ujazo 300, yaani lita 300,000. Hapo Hisabati hupata maana.

Simu nayo isidharauliwe. Mtoto akitaka kujua kwa nini kilele cha Shengena, chenye mita 2,462, kimevikwa msitu wenye ukungu hali mji wa Same ni mkavu, simu itamweleza mara moja: upepo wa Bahari ya Hindi hupanda milima kwa upande wa mashariki, hupoa na kuangusha mvua, ukafika Same umekwisha kukauka. Jibu ni sahihi. Lakini lina faida gani kwa mtoto ambaye hakuwahi kushangaa? Jibu likitangulia swali, mtoto hukariri tu, liwe limetoka kwenye simu au kwenye ubao. Ubaya ni ule ule.

Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, uendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, katika andalio lako la somo andika swali kabla ya kuandika zana. Mtoto na akisie, ajaribu, apime. Ndipo simu iitwe, kama shahidi na si kama hakimu. Ukiwa na kompyuta, utaitumia vema. Usipokuwa nayo, somo halitakufa.